Mafaili Kumi na Manne ya Karantini

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi Ruangwa, Jumanne tarehe 18 Juni 2024. Yameanza kuandikwa saa 3:35 asubuhi.

Jina: Fortunatus Kassian Chilumba
Umri: Miaka 52
Kabila: Mmwera
Dini: Mkristo
Elimu: Kidato cha nne
Kazi: Fundi wa kompyuta
Makazi: Nachingwea mjini, chumba cha nyuma ya ofisi yangu. Naishi peke yangu.

Nimeelezwa kwamba kusema uongo katika maelezo haya ni kosa. Nimeelewa. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe.

Natengeneza kompyuta Nachingwea tangu mwaka 2009. Kila siku huandika katika shajara kazi niliyofanya, mahali na saa. Shajara ya mwaka huu nimeikabidhi kwa afande, na tarehe zote nitakazotaja zimo humo.

Namfahamu Saada Mikidadi, miaka 34, karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho katika kata ya Likunja. Yuko mahabusu hapa kituoni tangu Ijumaa tarehe 14, akituhumiwa kufuta kwa makusudi orodha za wakulima ili kuficha majina hewa. Orodha hizo ndizo zinazotumika kugawa salfa ya kupulizia mikorosho. Hakuzifuta yeye. Nilizifuta mimi.

Mnamo Jumatatu tarehe 20 Mei 2024, saa 4:10 asubuhi, Saada alinipigia simu. Alisema antivirusi ya kompyuta ya ofisi imekwisha muda wake na chama kimenunua ya aina nyingine, akataka kujua kama anaweza kuweka mpya juu ya ile ya zamani. Nilimkataza. Antivirusi mbili ndani ya kompyuta moja hazikai, kila moja huishuku mwenzake na kompyuta huganda. Ya zamani hutolewa kwanza pamoja na mabaki yake yote, ndipo mpya iingie. Nilimwambia nitakuja kuifanya kazi hiyo mwenyewe.

Katika simu hiyo aliniambia jambo ambalo sijawahi kulisikia kwa mteja mwingine. Flashi zinazoletwa na viongozi wa vijiji huwa na virusi vinavyoficha mafaili. Antivirusi ya zamani ilikuwa inakamata orodha zake na kuzifungia karantini, yaani sehemu ambayo programu huweka mafaili inayoyashuku ili yasifunguke wala kuguswa. Mwanzoni alikuwa anayatoa. Baadaye aliona kwamba humo ndimo yanamokuwa salama, maana hakuna flashi inayoyafikia, akaacha yakae humo. Akitaka kurekebisha jina hulitoa faili, na akimaliza antivirusi hulikamata tena. Vijiji kumi na vinne, faili moja kwa kila kijiji. Marekebisho ya miaka miwili hayakuwa mahali pengine popote.

Nilicheka. Saada alisema, "Cheka tu, fundi. Tangu nianze kuyaacha humo hakuna hata jina moja lililopotea."

Niliandika katika shajara: "Saada wa Likunja. Mafaili 14 yako karantini. Yatolewe kwanza, kabla ya kitu chochote."

Alinipigia tena tarehe 23 na tarehe 27 kuulizia siku ya kuja. Mara zote mbili aliniuliza pia kama nimeamka salama na kama nimekula. Mwezi huo hakuna mtu mwingine aliyeniuliza hayo.

Jumatano tarehe 29 Mei niliondoka Nachingwea saa 12:40 asubuhi na kufika ofisi ya chama saa 3:50. Niliwakuta Saada, mwenyekiti wa chama Mzee Masoudi, na Mama Mwanawetu, ambaye hufanya usafi na kupika chakula cha mchana cha wafanyakazi. Kompyuta ilikuwa nzito mno. Nilijaribu kuifungua antivirusi ya zamani ili niyatoe mafaili kama nilivyoandika, dirisha lake likagoma. Nikaamua kuanza kuiondoa, kwa kuwa najua programu ile kabla ya kumaliza huuliza kama vilivyomo karantini vifutwe au virudishwe. Nilipanga kujibu virudishwe. Umeme ulikatika mara mbili, ikabidi nianze upya mara zote mbili.

Ilipofika saa 7 mchana na dakika kama kumi, Mama Mwanawetu alitandika mkeka barazani akaniita. Nilisema watangulie. Huwa siachi mashine katikati ya kazi, na chakula cha wateja huwa nakataa. Mke wangu Goreti alifariki Machi 2021, na tangu hapo nimezoea kula chumbani kwangu. Mama Mwanawetu alisema, "Fundi, ugali wa muhogo ukipoa ni jiwe. Au utakula hicho kioo?" Wakacheka. Saada naye akasema kwamba nafasi yangu ameshaiweka, kati yake na mwenyekiti.

Wakati huohuo swali lilitokea kwenye kioo. Sikulisoma. Nilibonyeza jibu lililokuwa limeshawekewa alama, nikanyanyuka.

Kulikuwa na mbaazi mbichi za nazi. Mwenyekiti alinitania kwamba mafundi wa Nachingwea hula kwa haya kama wakwe, akanisogezea bakuli. Tukiwa tunakula Saada aliniuliza, "Fundi, yale ya karantini umeyatoa?" Nilijibu, "Nimeyatoa." Sikuwa nimehakikisha. Ningeweza kuinuka na kwenda kutazama, ilikuwa hatua sita tu. Sikutaka kuinuka kwenye ule mkeka.

Nilirudi kwenye kompyuta saa 7:55. Niliizima na kuiwasha, nikaendesha programu ya kusafisha mabaki inayotolewa na watengenezaji wa antivirusi ya zamani, nikaizima na kuiwasha tena. Nilikagua, hakukuwa na hata chembe yake iliyobaki. Niliweka mpya, nikaiongezea taarifa za virusi vya karibuni, ikakagua kompyuta nzima hadi saa 10:20 jioni. Kompyuta ikawa nyepesi na Saada akafurahi. Kama ilivyo kawaida yangu, nilinakili kwenye flashi yangu taarifa inayoandikwa na programu ya kusafisha, inayoonyesha kila kilichoondolewa tangu mwanzo wa kazi na saa kilipoondolewa. Sikuifungua. Katika shajara ya siku hiyo kuna mistari miwili kuhusu kazi na ukurasa mzima kuhusu chakula. Afande ameuona.

Jumatano tarehe 12 Juni mwenyekiti aliniita kwa simu. Alisema orodha hazionekani, salfa imefika, na wakulima wamejaa ofisini. Nilifika saa 5:30 asubuhi. Nilitafuta, nikajaribu na programu ya kurudisha vilivyofutwa. Nilipata majina ya vijiji tu, ndani mafaili yalikuwa matupu. Ndipo nilipofungua ile taarifa kwenye flashi yangu. Iliandikwa: tarehe 29 Mei, saa 7:12 mchana, vitu kumi na vinne vya karantini vimefutwa kwa idhini ya mtumiaji. Niliichomoa flashi nikaitia mfukoni.

Mwenyekiti aliniuliza mbele ya wakulima wapatao ishirini kama mafaili yangeweza kupotea wakati wa kubadilisha antivirusi. Kabla sijajibu Saada alidakia: "Hapana, Mzee. Fundi aliyatoa, nilimuuliza mwenyewe." Alikuwa ananitetea mimi. Sikumsahihisha. Mwenyekiti akauliza tena, "Basi kompyuta inaweza kufuta yenyewe?"

Nilisema, "Haifuti bila mtu kuiamrisha."

Ni kweli, haifuti. Watu wote waligeuka kumtazama Saada. Yeye alinitazama mimi, akingoja niendelee. Nilikusanya vifaa vyangu, nikaaga.

Jumamosi tarehe 15 mteja kutoka Likunja aliniambia kwamba Saada amekamatwa. Alisema dhamana iko wazi lakini kaka yake yuko safarini Mtwara, na kijijini hakuna aliyekubali kumdhamini kwa hasira ya salfa. Jumapili nilikwenda misani nikarudi. Jana Jumatatu ilikuwa Idd. Sikufungua ofisi. Mtaani kwetu watu walipita asubuhi na kanzu zao kwenda kuswali, watoto wamevaa nguo mpya. Nilijua Saada yuko wapi. Shajara ya jana ina sentensi moja: "Kesho Ruangwa."

Afande ameniuliza kwa nini nilinyamaza siku sita. Sikuogopa kulipa wala kufungwa. Niliogopa kwamba pale Likunja hawataniita tena.

Nimekabidhi shajara moja na flashi moja nyeusi yenye taarifa niliyoieleza. Niko tayari kuzunguka vijiji vyote kumi na vinne kuandika orodha upya, kama chama kitakubali mimi niifanye kazi hiyo.

Nimesema niliyoyatenda kwa mkono wangu na niliyoyasikia kwa masikio yangu. Nimesomewa yote na sina la kupunguza.

Saini ya shahidi: F. K. Chilumba
Saa 5:10 asubuhi

Maandishi ya afisa:

Nimeandika maelezo haya mimi, WP Koplo Dafrosa Dominiko, na kumsomea shahidi, naye amekiri kuwa ni sahihi. Vielelezo viwili vimepokelewa. Jalada linapelekwa kwa mkuu wa upelelezi kwa maelekezo.

Saa 7:30 mchana mtuhumiwa Saada Mikidadi amedhaminiwa na kaka yake aliyewasili leo kutoka Mtwara. Kabla ya kutoka alifahamishwa kuhusu maelezo haya. Alimkuta shahidi kwenye benchi la kaunta, akamuuliza, "Fundi, ulijua tangu lini?" Shahidi alijibu, "Tangu Jumatano ile, na wewe ukiwa umesimama pale." Mtuhumiwa alisaini kitabu, akapokea ushungi wake na simu yake, akaondoka na kaka yake.

Shahidi aliambiwa kuwa anaweza kwenda. Alibaki kwenye benchi hadi saa 9:20 alasiri.