Nyumba Nilizoziandika Tupu

Kasongo, 9 Machi 1954

Kwa yaya Hawa, dada yangu mkubwa, Kabambare,

Pokea salamu zangu, wewe, shemeji na watoto. Natumaini kile kikohozi kimekuacha. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Umeuliza habari za Mama, nami nitakujibu. Nivumilie tu, maana barua hii ni nzito kwangu.

Mama alianguka. Ilikuwa wiki mbili zilizopita, kwenye mteremko wa mtoni, ndoo kichwani, na nyonga bado inamtesa. Utauliza ndoo ya nini, wakati mji mzima unasifu mabomba mapya. Mabomba yapo, yaya. Yako kartie ya juu, mtaa wa karani mwenzangu Placide, manne, pamoja na dispensari. Kwetu hakuna hata moja. Sisi tumepewa barabara pana, na vigingi vyake vimepita katikati ya uwanja wa Mama. Nyumba itabomolewa kabla ya mvua za Septemba.

Mwaka jana nilikuandikia kwa majivuno kwamba mzungu mpima ardhi amenichukua niwe karani wake. Alikuwa anachora plani ya mji, kwa kuwa watu wanazidi kumiminika kutoka vijijini. Mimi nilipewa kuhesabu watu wa kwetu, Placide wa kwao.

Kwetu unakujua. Mzungu akihesabu watu, nyuma yake inakuja kodi na kazi ya barabara. Siku ya hesabu milango ilifungwa, watu wako mashambani tangu alfajiri. Placide yeye aliwatoa wote nje, hadi vikongwe na watoto wachanga. Tulimcheka, tukasema anawauza ndugu zake.

Plani ilipobandikwa, kartie yetu nzima ilimgeukia Placide. Wanasema ameiba maji yetu kwa kujipendekeza kwa mzungu. Sokoni hawamsalimii. Mama naye, pale kitandani, humtaja kwa ubaya. Na mimi nilikuwa naitikia.

Sasa nisikilize, yaya. Watu hawakwenda mashambani kwa akili yao. Mimi ndiye niliyepita mlango kwa mlango jioni iliyotangulia, nikawaambia waondoke, nitawaandika wachache. Ofisini mzungu alikuwa ametueleza sisi wawili kwamba maji na dispensari vitagawiwa kulingana na wingi wa watu. Placide aliamini. Mimi niliona ni maneno ya wazungu tu, sikumwambia mtu. Walinishukuru, wakaniita mtoto wa nyumbani, nikavimba kichwa. Katika daftari niliandika nyumba tupu, nyumba tupu, na juu ya hizo ndipo barabara ilipochorwa. Hata ya Mama, naye alikuwemo ndani, amelala na homa.

Placide anajua yote haya. Hajanitaja popote, na hilo linanitesa kuliko matusi.

Juzi nilimwendea mzungu nikamwomba arekebishe. Alifungua daftari, akaweka kidole kwenye sahihi yangu, akarudi kwenye kazi yake.

Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya sala, nitasimama mbele ya watu niseme, kisha niende kwa Placide kumwomba radhi. Naogopa sana. Sikuiti uje kunitetea. Njoo umchukue Mama, kwa sababu sijui kama atakubali tena kupokea maji mkononi mwangu. Kila asubuhi bado ananiombea dua, Mungu aibariki kalamu yangu.

Nisalimie shemeji, na watoto uwashike vichwa kwa niaba yangu.

Mimi mdogo wako,
Assumani