Mama Ameona, Sasa Zamu ya Mulei

Jumanne, 9 Septemba 2025

Tumegombana tena na Mulei. Huyu ndugu yangu ana kliniki hapa Kikima, karibu na kibanda changu cha kushona. Nilimwambia Kitui kuna kambi ya macho ya serikali, bure kwa kila mtu, nampeleka mama. Akacheka. Kitu cha bure ni foleni tu, akasema. Atampeleka mwenyewe kwa spesholisti Nairobi, biashara ikikaa vizuri. Kila mwaka wimbo ni huo! Mtoto wa jicho hangojei biashara. Jana mama alimsalimia mbuzi akidhani ni Mbinya wa jirani. Tulicheka sana, kisha yeye akaniomba nimshike mkono hadi ndani.

Alhamisi, 11 Septemba

Kitui. Foleni ipo kweli — hapo Mulei hakudanganya. Lakini inasonga! Mbele yetu mzee mmoja mfugaji kutoka Ikutha. Nyuma yetu Bi. Shufaa, ana duka la vitambaa hapa mjini. Mzee akamuuliza, wewe una duka, unatafuta nini kwa foleni ya maskini? Shufaa akajibu kwamba kodi analipa kama yeye, na jicho lake limeziba kama la mzee. Mzee akamsogezea kiti kivulini.

Mama ameingia chumba cha upasuaji. Niko nje, nimeshika viatu vyake. Naomba tu.

Baadaye — ametoka! Bandeji kubwa. Anataka chai.

Ijumaa, 12 Septemba

ANAONA!

Nesi Naila alitoa bandeji asubuhi. Mama akatazama dirisha, akatazama vidole vyake, kisha mimi.

"Mwongeli," akasema, "kumbe una mvi."

Asi! Nililia, nikacheka, Naila naye akapangusa macho. Njiani kurudi mama alisoma kila kibao kwa sauti, hata tangazo la mbolea. Abiria wakaanza kumpigia makofi.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani mama alisoma Zaburi mwenyewe, Biblia mkononi. Vigelegele! Mchungaji alingoja mpaka vikaisha.

Baada ya ibada Mulei alimwangalia jicho kwa tochi. Akakubali: kazi safi. Lakini Jumatano kaunti inakusanya maoni ya wananchi, kama matibabu yawe bure kwa wote, na wenye kliniki wanapinga, wamemchagua yeye awasemee. Akaniuliza, dawa zitatoka wapi? Wasichana wawili niliowaajiri kliniki niwaambie nini? Alikuwa hatanii. Swali hilo limenisumbua.

Mama alisema tu: tutaenda wote.

Jumatano, 17 Septemba

Naandika hapa hapa ukumbini. Mama amesema!

Alisimama bila kushikwa na mtu. "Mimi naona kwa sababu binti yangu alisikia redio," akasema. "Na yule ambaye hana binti? Na asiye na redio? Hatukuja kuomba msaada. Mahindi tunalipia kodi, sabuni tunalipia kodi. Haya macho ni ya serikali pia, ndiyo yanapiga kura!"

Ukumbi ulilipuka. Akina mama wa soko wamesimama juu ya mabenchi. Hata Kiema wa duka la dawa anapiga makofi, na yeye alikuja kupinga!

Bi. Kanini, mwenyekiti wa kikao, amelazimika kugonga meza. Sasa amemwita Mulei.

Amechukua maikrofoni. Amevaa miwani, ameivua. Wenzake wa kliniki wanamwambia aanze. Mama amegeuka kwenye kiti, anamtazama moja kwa moja.

"Nilitumwa hapa kupinga," amesema. "Na bado nauliza dawa zitatoka wapi. Nauliza kwa nguvu. Lakini huyu aliyezungumza sasa hivi ni mama yangu. Mimi ni daktari wa hapa sokoni, na miaka yote hiyo —"

Mwenzake mmoja anamvuta koti akae chini. Mulei ameutoa ule mkono, taratibu, na amerudisha maikrofoni mdomoni: "— nilimwambia angoje biashara ikae vizuri, na mama wa mwingine asiambiwe hivyo."