Kitovu cha Baba Yako

Mjukuu wangu Furaha,

Ujumbe wa mimba yako ulinikuta natoka misani, nikasahau hata magoti yangu mabovu. Hapa Uvira tuko salama. Ziwa limepanda tena hadi mlangoni kwa shangazi yako, naye anacheka tu.

Unauliza kama mkubali nyumba ya kampuni huko Lubumbashi. Ngoja nikueleze ya kwetu.

Mimi na babu yako tuliishi katika kampi ya kiwanda cha viatu. Patroni wetu, mwenye kiwanda, alianza na cherehani moja, akaishia kutujengea mtaa mzima, na shule na dispansere ya kutibiwa. Alizipenda zile nyumba kama watoto wake.

Kitovu cha baba yako kilipodondoka, mama mkwe wangu alikuja toka shambani kwake Runingu na chipukizi la mgomba. Akachimba mbele ya mlango, azike kitovu na kupanda mgomba juu yake, kama tunavyofanya.

Patroni akapita. "Mama, unapanda nini?"

"Miye napanda mujukuu wangu. Patroni, siku baba yake anaacha kazi, huu mugomba utabakia wake?"

Angeweza kudanganya. Aliitazama nyumba, akasema polepole, "Hapana, mama. Nyumba iko ya kiwanda."

"Aksanti." Mama mkwe akachomoa mgomba, akakifunga kitovu kwenye kitenge, akarudi kuvipanda Runingu. Patroni alibaki akifukia shimo kwa kiatu chake.

Kiwanda kilifungwa zamani. Ndizi za Runingu tungali tunakula.

Ikubali nyumba, mwanangu, ni nzuri. Kitovu cha mtoto, nitumie.

Nyanya yako