Mganga Asiyetaka Kuku

Kibiti,
Mfungo Saba, 1324

Mpendwa mwanangu Habibu, uliyeko Unguja,

Nakusalimu salamu nyingi, zikukute mzima wa mwili. Kikohozi kimekuachia? Unakula vizuri, au bado unashindia kahawa na kashata? Sisi huku twajikongoja, alhamdulillahi. Ila dada yako Mwanamize nilikuficha hali yake. Salamu zake katika barua zilizopita nilizitunga mimi.

Tangu askari walipomchukua mumewe, shemeji yako Sadallah, awabebee mizigo ya vita, Mwanamize alifunga kinywa. Neno halitoki, na uji ukimnywesha unamwagika pembeni. Alikonda mpaka bangili zikawa zinampanda kiwikoni. Nilimpatia kombe la kunywa, lenye aya, kwa maalimu, nikamfukiza ubani, wapi. Nikaanza kuogopa kwamba nitakuandikia habari za maziko.

Mwezi uliopita akaja mtu aitwaye Mfaume, kutoka Ngarambe, akasema yeye hutibu kwa ngoma. Unanijua, mimi hata chumvi ya dukani naionja kwanza. Watu wa Ngarambe ndio wanaosemwa kwa ile dawa ya maji ya kuzuia risasi za Wajerumani, na akida wao amekataza ngoma zote, maana kwake kila ngoma ni mwito wa vita. Mtu huyo akikutwa uani kwangu, nyumba inachomwa.

Nikamuuliza ada yake. Akasema hataki kitu, hata kuku. Hapo ndipo nilipozidi kumtilia shaka. Mganga asiyetaka kuku anataka nini? Nikaona huyu ni jasusi wa akida. Kuku wangu nikawahamishia kwa jirani yangu Mwajabu vilevile, maana huwezi kujua.

Ngoma hakuja nayo. Aliomba mtungi mtupu, akawa anaupiga mdomoni kwa kiganja, polepole, akijaribu nyimbo za harusi, za makasia, za kutwanga. Mimi nimekaa mlangoni na mchi mkononi. Mwanamize haoni, hasikii. Kisha yule bwana akaimba wimbo wa dungu.

Umekaa mjini siku nyingi, acha nikukumbushe. Huku kila mwenye shamba la mpunga ana wimbo wake wa kuitia akiwa juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia ndege, ili jirani ajue ni yeye na si mwizi. Ule ulikuwa wa Sadallah, wenye jina la dada yako mwishoni. Mwanamize akageuza uso. Akalia, mwanangu, kilio cha kutoka tumboni, tangu alasiri mpaka magharibi. Kisha akanyoosha mkono kutaka uji, akaunywa wote.

Mfaume akawa anakuja kila siku. Dada yako akaanza kuitikia wimbo, akala wali, akashika ufagio. Nilifurahi, na shaka ikanizidi. Wimbo wa watu ameupata wapi? Nikaona anamlaghai mtoto wetu kwamba mumewe yu njiani, na siku akiujua ukweli tutampoteza kabisa.

Ijumaa nikamkabili. Nikamwambia, mwenye wimbo umemwacha wapi? Akainamisha kichwa.

Aliyenijibu ni Mwanamize, toka ukumbini. "Shangazi, mwache. Nilijua siku ile ile alipouimba. Sadallah asingempa mtu wimbo wake angali hai. Ila ninyi nyote mlikuwa mkiniambia atarudi, nikakosa pa kulilia."

Mfaume akatueleza kwamba walibeba mizigo pamoja, homa ikamshika Sadallah njiani, akamfundisha wimbo ule na kumwagiza aulete kwa mkewe. Amemzika kwa mkono wake. Aliogopa kwamba maneno matupu yasingemfikia mgonjwa. Tumesoma hitima, nawe msomee huko. Kuku mmoja nilimrudisha nikamchinjia mgeni, akala.

Mwajabu na mzee Bashiru wanakusalimu. Mkeo Mwamini mpe salamu zangu, na watoto nawapakata kwa mbali. Mungu akukinge na shari za dunia, akurudishe kwetu vita vikitulia.

Mwanamize naye anakusalimu. Safari hii sikutunga. Amesema kwa kinywa chake: mwambieni kaka anitumie bafta nyeupe ya kukalia eda.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye tangu hujaota meno,
Mwatumu