Machela Tuliyoianikia Kahawa

Tata,

Baba yangu, tangu utuache msimu wa kahawa uliopita, bado nazungumza nawe nikiwa shambani. Migomba haijalalamika. Leo naandika, maana kuna neno nililikwepa siku ya mazishi, waombolezaji waliposema ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuwa kwenye mkutano wa kijiji. Mimi nilikuwepo.

Zahanati yetu mpya ilipopakwa rangi, mimi ndiye niliyesimama nikasema chama cha machela kivunjwe. Kila nyumba ilikuwa na zamu ya kumbeba mgonjwa kwenye machela hadi barabara ya kwenda hospitali ya Rubya. Nikasema hayo ni mambo ya zamani, sasa tuna matibabu mlangoni. Ukasema, "Mwanangu, mlango hufungwa." Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuwazidi. Na wewe ndiye uliyesomba mawe ya msingi wa zahanati hiyo. Machela tukaianikia kahawa.

Jumapili ile kifua kilipokubana, tulikuta zahanati ina kufuli na karatasi: mhudumu yuko semina Bukoba. Mwandiko mzuri sana. Mvua ilikuwa imechimba njia yote ya mlimani, na kijana wa bodaboda akakutazama, akasema, "Mzee huyu hawezi kukaa. Akianguka mtasema nimemuua mimi." Nikazunguka nyumba kwa nyumba kutafuta mabega ya kukubeba. Wengine walikuwa kanisani. Niliporudi na watu wanne, ulikuwa umeshakata roho kwenye benchi la nje, Mama amekushika mkono.

Hukunitukana hata mara moja. Ungenitukana, Tata, ningepumua.

Sasa zahanati imeletewa mhudumu wa pili, na dawa zipo. Vijana wanaiamini, ingawa hupiga simu kwanza kuuliza kama pamefunguliwa. Kina mama wenye watoto wachanga huenda na chupa ya chai, wanajua watakaa. Wazee wa rika lako hupita pale kama wanapita kwa mtu waliyekosana naye. Kiongozi wao ni Mama. Presha inampanda, miguu imevimba, kupimwa hataki. Nikimsihi ananiangalia tu: "Ni wewe tena unayenipeleka pale?"



Juzi nimepita kwa majirani kuomba zamu zirudi. Jirani yetu wa bondeni alinisimamisha uani, akaniuliza, "Si ulisema ni mambo ya zamani?" Nikamwambia ndiyo, nilisema. Akanicheka hadi akashiba, kisha akakubali. Waliokubali sasa wamefika saba.

Nikamwambia Mama: sijui kama tutamkuta mhudumu. Tusipomkuta, hatukushushi, tunaendelea hadi hospitali, na mimi nitashika machela mbele. Akauliza, "Bega lako litaweza?" Nikasema sijui. Akaniambia nimtafutie kitenge chake kizuri. Tunakwenda Jumatatu.

Pumzika, Tata. Msamaha sikuombi leo, sijaustahili. Nakuahidi jambo moja tu: Mama hatangoja kwenye benchi.

Mwanao.