Friji la Ami na Sindano ya Mama

Maskati, Alkhamisi. Baridi imeingia, upepo unashuka milimani tangu alfajiri, na mimi nimechefukwa.

Nimechefukwa na Ami Nasor. Nayaandika kwa sababu kwa mdomo siwezi kumwambia. Ni ndugu wa marehemu baba, nyumba ni yake, na tulipotoka Unguja alitupokea na vifurushi vyetu. Lakini leo nimemkinai hata sauti yake.

Ami ana friji la mafuta ya taa. Kaliweka majlisi, kalitandika kitambaa cha kudarizi, wageni walione. Ndani, kando ya chupa zake za sharbati, ndimo kinamokaa kichupa cha sindano ya sukari ya Mama.

Baridi ilipoanza, Ami akalionea huruma friji. "Nalo linaona baridi," akasema, akapandisha utambi. Maji yakaganda, maziwa yakaganda. Akaona bado halijapata joto, akazidi kupandisha.

Moto ule ndio unaoleta baridi!

Mimi nimelijua kwa kufagia tu. Nyuma yake hutoka joto, na joto lile limetolewa ndani. Wakati wa hari chumba kizima ni tanuri, joto halina pa kwenda, ndiyo maana tulikuwa tukiweka moto mkubwa. Sasa nje kuna baridi, joto linatoka upesi, na moto ule ule unagandisha kila kitu. Utambi ulitakiwa ushushwe. Nilimwambia. Akanijibu niende nikapike.

Wiki hii Mama anakunywa maji wala kiu haimtoki, kutwa yuko chooni, macho yanamfanyia ukungu. Ami akakata shauri kwamba anadokoa halwa. Akalisema mbele ya wageni, kikombe cha kahawa mkononi, anacheka: "Shemegi yangu huyu, sahani ya halwa haiponi kwake." Mama aliinama, akavuta kanga usoni.

Hakula halwa.

Leo asubuhi nimekikuta kichupa kimeganda, kigumu kama jiwe. Nikamwonesha Ami. Naandika alivyonijibu, nisije nikadhani nimeota: "Mbona mwanzo wa wiki kiliganda vile vile? Nikakianika juani, mkampiga sindano, na hakufa."

Dawa hii ikishaganda haifai tena. Daktari wa Matrah, mji wa jirani, alitukanya siku ya kwanza, na Ami alikuwepo, anaitikia kwa kichwa. Kumbe alikiyeyusha, akakirudisha, akanyamaza, kisha akamwita Mama mdokozi.

Kaka yangu amekwenda Matrah, karudi na kichupa kipya kabla lango la mji halijafungwa usiku. Nimekifunga kitambaa, nimekiweka kando ya mtungi, dirishani panapopita upepo. Majira haya panatosha. Friji libaki na sharbati zake.

Baada ya Magharibi Ami akaingia chumbani kwetu na sahani ya halwa, inang'aa samli, akaiweka mbele ya Mama. Hiyo ndiyo samahani yake. Halwa, kwa mgonjwa wa sukari.

Mama aliitazama, akaisukuma taratibu.

"Ahsante, shemegi. Yangu nishaila wiki nzima."

Ami akachukua sahani yake, akatoka. Asubuhi mimi ndiye wa kumtilia kahawa, na sijui nitamtazama kwa jicho gani.