Mzaramo Kwenye Kikao cha Zamu

Jumanne, Kalangalala

Bado nashangaa. Leo nimewaeleza tena madereva wa mgodini ratiba mpya ya zamu, nikauliza kama kuna swali. Wakajibu tu: "Sawa, bosi."

Ndipo Mwanahawa wa stoo, Mzaramo, mtani wao, akadakia: "Nyie Wasukuma, mnaogopa zamu au mnaogopa kuacha ng'ombe?"

Wakaangua kicheko. Masanja, dereva ambaye kikaoni huwa hafungui mdomo, akamjibu: "Nyamaza, Mzaramo! Zamu ikiisha saa nane usiku, tutarudi nyumbani na nini?"

Basi la wafanyakazi! Saa hizo huwa halipo, wala sikulifikiria.

Mimi niliwauliza kwa adabu, wakanijibu kwa adabu. Mtani kawachokoza tu, kaambiwa ukweli.

Sasa najiuliza: zile "sawa, bosi" nyingine zote zilikuwa nini?